Chaja ya Kigari cha Twyla

Jumatatu, Machi 4

Kigari kimegoma. Nimekikuta asubuhi gerejini, kimechomekwa tangu jana, na mshale wa chaja umelala kwenye sifuri kama mlevi. Hakuna mngurumo. Hakuna hata ule mlio mdogo wa "tak" unaotangulia mngurumo. Nimepanda, nimekanyaga. Kimesogea hatua tatu, kikashusha pumzi, kikatulia.

Jambo si dogo. Twyla, mke wangu, alibadilishwa nyonga Januari, na daktari amemwandikia mazoezi ya majini mara tatu kwa wiki katika bwawa la klabu. Bwawa liko mwendo wa dakika ishirini, kwa mtu mwenye nyonga alizozaliwa nazo. Yeye kwa sasa anaweza kufika kwenye sanduku la barua na kurudi, akiwa na fimbo. Gari la kawaida tuliliuza Oktoba. Wazo langu. Nilimwambia hapa Heron Bend, mtaa wa wastaafu, kila kitu kinafikika kwa kigari cha gofu: duka, kanisa, daktari, bwawa. Na ni kweli, kigari kikitembea.

Tena tarehe 16 kuna tamasha la kwaya, na Twyla kapewa ubeti wa kuimba peke yake. Anaufanyia mazoezi bafuni tangu Krismasi.

Mpango: chaja nitaitengeneza mwenyewe. Nimeuza na kulaza mazulia Dayton miaka thelathini na minane. Mtu aliyewahi kulaza zulia kwenye ngazi za kuzunguka hawezi kushindwa na sanduku lenye skrubu nne.

Twyla kauliza kama si vizuri tumwite jirani, Lowell Stuckey. Nimesema hapana kabla jina halijaisha.

Jumanne, Machi 5

Stuckey kaja bila kuitwa. Kabla ya kustaafu alikuwa kwenye kampuni ya umeme huko Tennessee, na hakuna mtu mtaani anayeruhusiwa kulisahau hilo. Kazunguka kigari mara mbili, mikono nyuma, kama mkuu anakagua gwaride. Kasema ni betri. Zote sita. Zimekufa, tuzizike, tuweke mpya.

Nimemuuliza amezipima saa ngapi. Kanijibu kwamba mtu wa umeme hapimi, anahisi.

Basi nikamwambia, kwa upole, kwamba tatizo ni dayodi. Neno hilo nilikuwa nalo tangu saa mbili asubuhi, kutoka kwenye video ya bwana mmoja mwenye ndevu ambaye chaja yake inafanana na yangu kwa rangi. Dayodi ni kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kama ule mlango wa kutokea dukani. Stuckey alipolisikia aliitoa mikono yake nyuma. Ushindi mdogo, lakini ninauandika.

Kisha akaharibu. Kamgeukia Twyla, kamwambia kuanzia kesho atampeleka bwawani yeye mwenyewe. Twyla kakubali na kushukuru. Kigari cha Stuckey kina viti vyeupe vya ngozi na feni. Feni, kwenye kigari!

Jumatano, Machi 6

Nimepiga simu duka la vipuri. Kapokea mama mmoja, Ramona, sauti kavu kama biskuti ya juzi. Nimeagiza dayodi mbili. Kaniuliza kama nimeipima chaja. Nimemwambia nimeitazama vizuri sana. Kaniomba anwani.

Twyla kaondoka saa tatu na Stuckey. Feni ilikuwa inazunguka. Alinipungia mkono nami nikampungia koleo.

Ijumaa, Machi 8

Dayodi zimefika. Kazi imeanza!

Twyla kanishauri nichore kwanza kwenye karatasi nyaya zilivyokaa kabla ya kuzing'oa. Nimemwambia mchoro ninao kichwani. Kaniangalia kichwa kwa muda, akarudi kwenye fumbo lake la maneno la gazetini.

Nimeng'oa za zamani, nimefunga mpya. Kila moja ina mshale mdogo ubavuni. Nadhani ni alama ya kiwanda.

Saa tano nimechomeka. Kimya. Nikaitikisa plagi kidogo pale inapoingia kwenye kigari. Ikasema tak! Nikashangilia. Kabla sijamaliza kushangilia ikasema paa, na gereji nzima ikanuka kama kikaango kilichosahauliwa jikoni.

Fyuzi imeungua. Twyla kaja mlangoni na fimbo yake, kauliza kama nipo hai. Nimemweleza kwamba hayo ni maendeleo. Jana chaja ilikuwa bubu, leo imesema maneno mawili.

Jumapili, Machi 10

Baada ya kanisa kulikuwa na chakula ukumbini, kila mtu na sahani aliyoileta. Stuckey kanikalia mbele na mkate wake wa nyama. Kabadilisha mawazo. Sasa anasema betri hazijafa zote, zimekufa nusu, na kilichoziua ni taima ya chaja, kile kisaa kinachoizima zikishajaa. Anayo nzima nyumbani, kaitoa kwenye chaja yake ya zamani, ananipa bure. Kayasema haya mbele ya meza nane.

Nimekataa kwa heshima. Nimemwambia chaja yangu si mgonjwa wa kupokea viungo vya watu.

Jioni nimekuta taima hiyo kwenye ngazi za mlango wangu, imefungwa kwenye leso ya karatasi. Kipuri kisicho na mwenyewe ni cha aliyekiokota. Nimekifunga. Hakuna kilichobadilika, kwa hiyo nimethibitisha kisayansi kwamba Stuckey hajui kitu.

Nimempigia Ramona asubuhi iliyofuata ili niagize fyuzi, kapasita, na waya mzima wa plagi. (Hii nimeiongeza Jumatatu.) Kauliza tena kama nimepima. Watu wa siku hizi wana neno moja tu. Kanionya pia nisiguse kapasita bila kufuata maelekezo ya kwenye karatasi, kwa sababu hutunza umeme hata chaja ikiwa imechomolewa.

Jumanne, Machi 12

Kapasita hutunza umeme hata chaja ikiwa imechomolewa.

Bisibisi yangu nzuri sasa ina pengo kwenye ncha. Cheche ilikuwa ya bluu. Mimi mzima, ila nyusi ya kushoto ina harufu. Nimempigia Ramona kumjulisha, kwa faida ya wateja wengine. Kasema karatasi inaeleza. Nikatafuta karatasi. Nilikuwa nimeikalia.

Hesabu ya leo: dayodi mpya, fyuzi mpya, kapasita mpya, waya mpya, taima ya mtu. Kilichobaki cha zamani ni sanduku na mpini. Nimechomeka. Imesema paa tena. Fyuzi ya pili nilikuwa nayo akiba. Nimeiweka mfukoni ipumzike.

Chakula cha mchana hakikuwa kizuri, na sisemi upishi. Twyla alikuwa akieleza kwa furaha kwamba mwalimu wa bwawani kamsifu, mguu sasa unakunjika. Alisema Lowell alimpigia makofi. Mimi nikasema naona viti vyeupe vinamfaa sana, labda ahamie humo. Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Lilitoka tu. Twyla kaweka uma, kakunja kitambaa chake mara nne, kaondoka mezani. Bafuni hapakuwa na wimbo leo.

Jumatano, Machi 13

Siku hii nitaiandika yote, hata kama inaniaibisha.

Saa tatu na robo nimetoka gerejini kutafuta kahawa. Nyumba kimya. Kwenye jokofu pamebandikwa karatasi: Nimekwenda bwawani. Lowell yuko kwa daktari wa meno. Nimetembea.

Nimeisoma mara mbili. Neno "nimetembea" nililisoma mara tatu. Ana nyonga ya miezi miwili. Nje jua lilikuwa limeshaanza kuchoma lami.

Sikufikiri. Nimekiachia kigari breki na kukisukuma barabarani. Kwenye tambarare kinakwenda, ukikisemesha. Nimepita nyumba kumi na moja. Watu walitoka na vikombe vyao kutazama. Hakuna aliyeuliza kitu; nadhani walinionea haya.

Nimemkuta kwenye benchi la kando ya bwawa la bata, nusu ya njia. Fimbo magotini, viatu kavua, uso mwekundu. Ng'ambo ya maji mamba mkubwa alikuwa akiota jua, kafumba macho. Twyla kaniona nikija nyuma ya kigari, natweta, shati limeloa.

"Orrin," akasema, "umekuja kunichukua na kigari kibovu."

"Ndicho tulicho nacho."

"Na nikipanda atakisukuma nani?"

"Mimi."

Akanitazama kuanzia kofia hadi viatu. "Mimi nyonga wamenibadilishia. Mgongo wako hauna spea."

Nikakaa naye. Nikamuuliza kwa nini hakungoja Stuckey atoke kwa daktari wa meno. Akaniambia angeweza kungoja. Ila jana nilivyosema yale ya viti, aliona bora miguu imuume kuliko kurudi nyumbani aukute uso ule mezani. Aliyasema bila hasira, kama mtu anayesoma orodha ya dukani. Ningependelea hasira.

Nikamwambia nimekosa. Nimelisema mara moja, vizuri, bila kuongeza "lakini". Huwa naongeza "lakini". Akanipa viatu vyake nimshikie.

Alipanda, akashika usukani, mimi nikasukuma. Tambarare tulikwenda. Ila njiani kuna kidaraja kinachopanda, ambacho nikija nilikivuka na kigari kitupu. Tulifika katikati tukasimama, mimi nimeegemea kwa bega, Twyla kakanyaga breki, hakuna wa kwenda mbele wala nyuma. Hapo ndipo tuliposikia feni.

Stuckey alikuwa anatoka kwa daktari wa meno. Shavu moja limevimba, mdomo umekufa ganzi upande. Akasimamisha.

"Jirani," akasema, na maneno yakimtoka kwa pembeni, "mnafanya mazoezi au mnahama?"

Nilikuwa na majibu matatu mazuri. Sikutoa hata moja, kwa kuwa ningepumua kuongea kigari kingenirudia. Akatoa kamba. Akatufunga nyuma ya kigari chake na kutuvuta hadi nyumbani kwa njia ndefu, ile inayokwepa kidaraja na kupita mbele ya klabu, wakati mazoezi ya bwawani yakiisha. Mabibi ishirini wenye taulo walisimama kututazama. Twyla aliwapungia mkono kama malkia. Mimi nilitembea kando na viatu vyake mkononi.

Alhamisi, Machi 14

Baada ya uji Twyla kaomba miwani yake ya kusomea, kiti cha jikoni, na mita ya umeme ya Stuckey, ile ndogo ya mkononi ya kupimia nyaya. Stuckey kaileta. Ilikuwa kwenye boksi lake, nailoni haijachanwa. Tangu Tennessee! Nimelitazama boksi, kisha nimemtazama yeye. Kakohoa.

Nimemuuliza mke wangu kama anajua kutumia mita.

"Nilikaa kiwanda cha redio miaka sita kabla hujanioa," akasema. "Meza ya kupima. Ulidhani nilikuwa nafanya nini kule?"

Nilidhani alikuwa akipakia maboksi. Tumeoana miaka arobaini na saba na sijawahi kuuliza.

Alianza na betri, moja moja, bila haraka. Akasema hazijafa, zina njaa tu. Stuckey akaanza kukagua viatu vyake. Twyla akafungua chaja, ila kwanza akasoma ile karatasi ya kapasita, yote, huku kidole kikifuata mistari. Akaangalia ndani.

"Orrin, mishale hii unaionaje?"

"Alama ya kiwanda."

"Dayodi umezifunga kinyume. Zote mbili. Betri zinamwaga umeme humu ndani badala ya kulishwa."

Stuckey akacheka kwa lile shavu zima. Twyla akamwambia asicheke sana, kwa sababu taima yake aliyoleta haizunguki, imeshika kutu, na ile yangu ya awali haikuwa na kosa lolote. Kicheko kikaisha. Tukasimama pale, wazee wawili, kila mmoja na mikono yake mifukoni.

Twyla akazigeuza dayodi. Akarudisha taima yetu. Akaniomba ile fyuzi iliyokuwa mfukoni. Halafu, badala ya kuchomeka, akainama upande wa kigari kwenye tundu la plagi na kulimulika kwa tochi. Akatuita wote wawili, tukainama kwa zamu. Mle ndani bati moja la shaba lilikuwa la kijani, limelegea, na ncha yake imeungua. Kasema umeme ulikuwa unafika hapo na kukwama. Chaja haikuwahi kuumwa. Aliyeiumiza ni daktari.

Stuckey kaenda mwenyewe kwa Ramona kuchukua tundu jipya na fyuzi za akiba. Karudi na salamu: Ramona anauliza aliyepima hatimaye ni nani.

Twyla kalifunga tundu, kakaza nati, kaniambia nichomeke mimi. Hakuwa na haja ya kunipa hilo. Nikachomeka.

Tak. Kisha mngurumo mzito, ule wa zamani. Mshale ukainuka polepole, ukasimama pale unapotakiwa.

Nilitaka kumwambia kitu. Nilikuwa nacho tayari, kilikuwa kirefu na kina neno "samahani" na neno "fahari". Nikamuuliza kama atakunywa chai. Akasema ndiyo, ya barafu, na akaniwekea mkono wenye grisi shavuni, upande wa nyusi iliyoungua.

Jumamosi, Machi 16

Tamasha. Tumekwenda kwa kigari chetu. Mimi nimeendesha, Twyla kando yangu, gauni la bluu, fimbo kaifunga utepe. Kidaraja tumekipanda kama hakipo.

Ukumbi ulijaa. Ubeti wake ulipofika alimpa fimbo mwenzake wa kushoto, akasogea mbele hatua mbili, mikono mitupu, bila kushika kitu. Nilishika mkono wa kiti kwa niaba yake. Bafuni nilikuwa nasikia sauti tu, nikijua ni yeye. Pale nilimwona. Stuckey, aliyekaa kulia kwangu, alipenga kamasi. Nimemwazima leso yangu, na sikumwambia kitu hata nilipomwona anaitia mfukoni mwake.

Tulipotoka nimemwambia kwamba namshukuru kwa kamba, kwa mita, na kwa kumpeleka Twyla siku zile zote. Nimesema natafuta namna ya kumlipa wema. Kasema si lazima. Kasema mara tatu kwamba si lazima.

Jumapili, Machi 17

Hali ya hewa safi. Chaja inanguruma. Nikiitafakari kazi yote kwa utulivu, naona mchango wangu haukuwa mdogo. Bila mimi kuondoa yale yasiyo tatizo, Twyla angejuaje lililo tatizo? Nimemweleza hivyo wakati wa kifungua kinywa. Kaomba chumvi.

Mlango wa gereji ya Stuckey ulikuwa unalia. Kila asubuhi ukipanda unalia kama bata aliyekanyagwa, mtaa mzima unausikia. Leo saa moja, yeye akiwa bado anaoga, nimeingia gerejini kwake kwa mlango wa pembeni kumlipa wema. Nilitaka kumshtukiza. Kuna springi moja ndefu juu, imekaza bila sababu, na nilipoitazama nilijua mara moja kwamba ndiyo yenye kelele. Nikailegeza.

Mlango haulii tena. Haufunguki pia; kumbe springi ile ndiyo iliyokuwa ikiubeba. Kigari cha Stuckey kiko ndani, na feni yake.

Tumempeleka kanisani kwa chetu. Twyla kasema yeye ndiye ataendesha, nyonga inaruhusu, na Lowell kama mgeni akae mbele. Mimi nimekaa kile kiti cha nyuma kinachotazama tulikotoka. Niliwaona watu wote tuliowapita, na wote walipunga mkono.

Njia nzima Stuckey hakusema kitu ila mara moja, aliponiuliza bila kugeuka kama niliipima ile springi kabla ya kuigusa. Nimemwambia mlango hauna haja ya kupimwa, mlango unaonekana. Twyla kaongeza mwendo.

Kesho asubuhi nampigia Ramona. Naagiza springi mbili, kapi nne na kebo. Tayari nimeshaing'oa reli ya mlango ya upande wa kushoto ili kuokoa muda. Sijachora popote, lakini ninakumbuka ilivyokaa.